VITA NA IMANI YA MTOTO: HISTORIA INATUFUNDISHA NINI SISI TULIO KAMBINI?



Kila mwaka ifikapo tarehe 16 Juni tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika. Siku hii iliwekwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na inaadhimishwa tangu mwaka 1991 ili kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 walipoandamana kudai elimu iliyo bora. Siku nne baadaye, tarehe 20 Juni, ni Siku ya Wakimbizi Duniani. Kwa hiyo juma hili ni letu mara mbili: ni la watoto, na ni la wakimbizi.

Katika matoleo yaliyopita ya jarida hili tuliandika juu ya maji, mgao, shule na magonjwa. Safari hii Kamati ya Jamii imeniomba niandike juu ya jambo ambalo halimo kwenye kadi ya mgao wala halipimwi kwa kilo. Jambo hilo ni imani ya mtoto, pamoja na kule kujijua kwake kwamba yeye ni nani, mwana wa nani, na wa kwao wapi. Vita huviharibu vitu hivi viwili polepole, na mara nyingi sisi wakubwa hatuoni, kwa sababu macho yetu yako kwenye foleni ya unga.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha katekisimu chini ya mwembe, karibu na tenki la maji. Kulikuwa na mvulana wa miaka kama kumi na mmoja ambaye kila tulipofika kwenye sala ya Bwana alifunga mdomo. Nikamwuliza sababu mbele ya wenzake. Akanijibu: "Mwalimu, Mungu alibaki kule kwetu. Huku hakufika." Watoto wakacheka. Mimi nikaona amekufuru, nikamfukuza darasani. Hakurudi. Baada ya wiki mbili bibi yake alinijia jioni, akaketi kimya kitambo kirefu, kisha akasema: "Mwalimu, mwanangu, hukumwuliza kule kwetu kulikuwa nini." Ndipo akanieleza kwamba baba wa mtoto yule aliuawa mlangoni mwa nyumba ya sala, mtoto akiona. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza: watoto wengine waliopita katika vita, imani yao ilikuwaje? Makala hii ni matunda ya kuuliza huko.

KWA NINI TUNAANZA MBALI

Kambi yetu ina watu wa makabila mengi, wa nchi zaidi ya moja, Wakristo wa madhehebu mbalimbali na Waislamu. Nikianza na vita vyetu wenyewe, kila mmoja atamtazama jirani yake, na makala itakuwa ugomvi kabla haijafika nusu. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Basi tuanze na wenzetu walionyolewa mbali, tutie maji, kisha tutarudi nyumbani.

MTOTO WA SIGHET

Mwaka 1928, katika mji mdogo wa Sighet huko Romania, alizaliwa mtoto Myahudi aitwaye Elie Wiesel. Mji ule ulitiwa chini ya Hungaria mwaka 1940. Mtoto huyu alipenda dini kuliko michezo. Alisoma vitabu vitakatifu vya Wayahudi mchana, na usiku alikwenda kusali katika sinagogi. Kama angekuwa kwetu, tungesema huyu atakuwa padri, au huyu atakuwa shehe.

Mwezi Mei 1944 Wayahudi wa Sighet walipakiwa katika mabehewa ya kubebea mifugo na kupelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ambayo Wajerumani wa Hitler waliijenga katika nchi ya Polandi. Elie alikuwa na miaka 15. Mama yake na dada yake mdogo waliuawa huko. Yeye na baba yake waliachwa kwa ajili ya kazi. Alichorwa namba mkononi, na toka hapo jina lake halikuwa na maana kwa walinzi. Mwezi Januari 1945 walihamishiwa kambi ya Buchenwald, na huko baba yake akafa. Majeshi ya Marekani yalifika tarehe 11 Aprili 1945.

Wiesel aliyaandika mambo haya katika kitabu kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1958, kiitwacho La Nuit, yaani Usiku. Anaeleza jinsi mtoto aliyekuwa akilia katika sala alivyofika mahali pa kumshitaki Mungu. Katika siku ya toba, ambayo kila Myahudi hufunga, yeye alikula. Si kwa njaa tu: alikula kama mtu anayegoma.

Wengi wakisoma habari hii husema, basi, huyu alikana dini. Lakini tusikimbilie kuhukumu kama nilivyohukumu mimi chini ya mwembe. Baada ya vita shirika moja la Kiyahudi lilichukua watoto na vijana 426 kutoka Buchenwald na kuwapeleka Ufaransa. Elie alikuwamo. Watu walioletwa kuwatazama walidhani watoto hawa wameharibika kabisa: walikuwa wakali, waliiba chakula na kukificha, na walipopewa jibini yenye harufu kali waliikataa wakidhani ni sumu. Lakini kulikuwa na walezi waliowasikiliza. Mmoja wao alikuwa binti aitwaye Judith, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la ndoa la Hemmendinger. Yeye aliheshimu Sabato yao, akaheshimu miiko yao ya chakula, na akaketi nao jioni wakizungumza. Elie Wiesel, yule aliyegoma, alikuwa miongoni mwa vijana walioomba wapewe chakula cha halali ya dini yao na nafasi ya kusali. Maisha yake yote aliendelea kusali na kuendelea kugombana na Mungu. Mwaka 1986 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na alifariki mwaka 2016.

Katika Buchenwald hiyo hiyo alikuwako mtoto mwingine, Yisrael Meir Lau, mwenye umri wa miaka saba tu siku ya ukombozi. Baba yake alikuwa rabi na aliuawa. Mtoto huyo alilindwa na kaka yake mkubwa. Alipokua akawa rabi kama baba yake, na kuanzia 1993 hadi 2003 alikuwa mmoja wa Marabi Wakuu wa Israeli. Watoto wawili walitoka katika moto mmoja. Mmoja alibaki na swali, mwingine akabaki na kiti cha baba yake. Hapa tunajifunza kwamba hakuna njia moja ya mtoto kutoka vitani, wala hakuna mtu awezaye kusema mapema kwamba mtoto fulani amekwisha.

MTOTO ALIYEBADILISHWA JINA

Habari ya pili ni ya jina. Mwaka 1932, katika mji wa Prague, alizaliwa mtoto Myahudi aitwaye Pavel Friedländer. Hitler alipoichukua nchi yao mwaka 1939, wazazi walikimbilia Ufaransa, na Pavel akawa Paul. Mwaka 1942 Wayahudi walikuwa wakikamatwa na huko pia. Wazazi wakamficha mtoto katika shule ya bweni ya Kikatoliki katika mji wa Montluçon. Wao wenyewe walijaribu kuvuka mpaka kuingia Uswisi, wakarudishwa, wakapelekwa Auschwitz. Hawakurudi tena.

Shuleni mtoto alibatizwa na kuitwa Paul-Henri-Marie Ferland. Waliomficha waliokoa maisha yake, na jambo hilo lazima tuliseme kwa heshima. Mtoto aliipenda dini mpya, akataka kuwa padri wa shirika la Wajesuiti. Mwaka 1946, akiwa kijana wa miaka kumi na mitatu, padri mmoja Mjesuiti ndiye aliyeketi naye akamweleza Auschwitz ilikuwa nini na Wayahudi walitendewa nini. Padri yule hakuogopa kumpoteza mwanafunzi. Alimpa ukweli ili achague mwenyewe. Kijana alirudi kwa watu wake, mwaka 1948 akaenda Israeli, na leo dunia inamjua kwa jina la Saul Friedländer, mwanahistoria mkubwa wa mauaji ya Wayahudi. Mwaka 1978 aliandika kitabu juu ya utoto wake. Hebu hesabuni majina: Pavel, Paul, Paul-Henri-Marie, Shaul, Saul. Kila jina ni mpaka aliouvuka.

Si wote waliotendewa kama alivyotenda padri yule. Ndugu wawili, Robert na Gérald Finaly, walizaliwa Ufaransa mwaka 1941 na 1942. Wazazi wao walikamatwa mwaka 1944 na kuuawa. Mwanamke aliyewalea aliwabatiza mwaka 1948, akakataa kuwarudisha kwa shangazi zao waliokuwa hai na waliokuwa wakiwadai. Kesi ikapelekwa mahakama baada ya mahakama. Mwaka 1953 watoto walivushwa mpaka kwa siri hadi Hispania na watu wa Kanisa, ndipo mwishowe wakarudishwa kwa ukoo wao. Sisi tunaolea yatima wa wenzetu katika nyumba zetu, tuisome habari hii mara mbili. Kumlea mtoto ni thawabu. Kumficha asijue ukoo wake ni deni, na siku moja atakuja kulidai.

MKATE NA SALA: WATOTO WA POLANDI WALIOFIKA AFRIKA

Wengi wetu hatujui kwamba kabla yetu, nchi hizi za Afrika ya Mashariki zilipokea wakimbizi wazungu. Mwezi Septemba 1939 nchi ya Polandi ilivamiwa na Wajerumani upande mmoja na Warusi upande wa pili. Katika miaka ya 1940 na 1941 Warusi waliwahamisha kwa nguvu Wapolandi mamia ya maelfu, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Wengi walikufa kwa baridi na njaa. Mwaka 1942 sehemu yao waliruhusiwa kutoka kupitia Irani, na maelfu ya wanawake na watoto wakaletwa Afrika. Walikaa Tengeru karibu na Arusha, Koja kando ya Ziwa Viktoria, Nyabyeya karibu na Masindi hapa Uganda, na mahali pengine.

Miongoni mwao walikuwako watoto waliopitia nyumba za yatima za Warusi, ambako kusali kulikatazwa. Wapolandi wengi waliopita huko wamesimulia kisa cha namna moja. Mwalimu aliwaambia watoto wenye njaa: mwombeni Mungu awape mkate. Watoto wakaomba, mkate haukuja. Kisha akasema: sasa mwombeni Stalin. Wakaomba, na mlango ukafunguliwa, mkate ukaingia. Hivyo ndivyo walivyotaka kumwonyesha mtoto kwamba Mungu hayupo.

Ndugu zangu, kisa hiki kinatuhusu. Anayemwambia mtoto mwenye njaa "njoo kwenye dini yangu upate sukari na daftari" anafanya kazi ya mwalimu yule, hata kama ameshika kitabu kitakatifu mkononi. Imani iliyonunuliwa kwa mkate itauzwa kwa mkate.

Walipofika Afrika, Wapolandi wale walifanya nini? Walikuwa maskini, wagonjwa wa malaria, hawakujua lugha ya wenyeji wala nyoka wa hapa. Lakini walijenga shule wakafundisha kwa lugha yao, wakaanzisha vikundi vya skauti, wakasherehekea sikukuu zao, na wakajenga makanisa. Kanisa la Nyabyeya walilolijenga wakati wa vita lipo hadi leo, na jirani yake yapo makaburi yao, kama yalivyopo Tengeru. Vita vilipokwisha, serikali mpya ya Kikomunisti ya Polandi iliwadai yatima waliokuwa Tengeru. Mwaka 1949 padri aitwaye Lucjan Królikowski aliwapeleka zaidi ya mia moja kati yao Kanada. Hata hapo watu walibishana sana: mtoto yatima ni wa nani? Ni wa serikali, ni wa Kanisa, au ni wa ukoo?

Tunachokiona Nyabyeya ni kwamba imani ya mtoto haikai hewani. Inakaa katika lugha, katika wimbo wa jioni, katika chakula cha sikukuu, na katika mtu mzima anayeijua kalenda. Vitu hivyo vikirudi, mara nyingi na imani hupata mahali pa kukaa.

SASA TURUDI NYUMBANI

Tumetia maji, sasa tunyoe. Katika nchi zetu vita vimeharibu imani ya watoto kwa njia kubwa tatu.

Njia ya kwanza ni kunajisi mahali patakatifu. Katika Rwanda, machafuko ya miaka iliyotangulia yalipotokea, watu waliokimbilia makanisani walisalimika. Kwa hiyo mwezi Aprili 1994 Watutsi wengi walikimbilia huko huko, pamoja na watoto wao. Safari hii waliuawa ndani. Makanisa ya Ntarama na Nyamata leo ni mahali pa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Kanisa la Nyange liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu waliokuwamo, na padri wa parokia ile alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha, mwaka 2006, na katika rufani mwaka 2008 akapewa kifungo cha maisha. Mtoto aliyepona alijiuliza: kama padri alifanya hivi, nani alikuwa akisema kweli? Wengine waliacha kusali, wengine walihamia madhehebu mapya, na wengine waliingia Uislamu, wakisema kwamba walifichwa na Waislamu. Mwezi Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha kwa makosa ya waumini wao, na mwezi Machi 2017 Papa Fransisko aliomba Mungu asamehe dhambi za Kanisa na watu wake. Mtoto wa 1994 aliyasikia maneno hayo akiwa na umri wa kuwa mzazi.

Njia ya pili ni kuitumia dini yenyewe kama silaha. Kundi la Joseph Kony, lililoanza Kaskazini mwa Uganda katika miaka ya 1980, lilisema linapigania Amri Kumi za Mungu, huku likiteka watoto na kuwalazimisha kuua, amri iliyo wazi kuliko zote. Waliotekwa walipakwa mafuta na kunyunyiziwa maji, wakaambiwa wamekuwa watu wapya. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 1996 wasichana 139 walitekwa katika shule ya watawa ya Aboke. Mtawa mmoja Mtaliano, Sista Rachele Fassera, aliwafuata waasi porini kwa miguu, akarudi na wasichana 109. Thelathini walibakizwa. Tena kundi hilo hilo lilipoingia Kongo, liliua mamia ya watu katika Haut-Uele wakati wa Krismasi ya mwaka 2008, katika mahali kama Faradje na Doruma, watu wakiwa wamekusanyika kusherehekea. Kwa mtoto aliyeona hayo, kengele ya Krismasi haiwezi kulia tena kama zamani.

Katika Kongo yetu pia, vijana wa Mai-Mai walipewa dawa na maji, wakaambiwa risasi zitageuka maji. Imani hiyo si ngeni. Katika vita vya Maji Maji vya Tanganyika, miaka 1905 hadi 1907, watu waliamini vivyo hivyo, na wakafa kwa maelfu mengi. Mtoto aliyepewa dawa hiyo akamwona mwenzake akianguka, huambiwa kwamba mwenzake alivunja mwiko. Hapo anajifunza imani ya woga tupu, isiyo na huruma.

Njia ya tatu ni kumnyang'anya mtoto jina lake. Vita vilivyoanza mwaka 1996 mashariki mwa Kongo na kufika Kinshasa tarehe 17 Mei 1997 vilibeba watoto wengi wenye bunduki. Watu waliwaita kadogo. Neno zuri la nyumbani, ambalo mama humwitia mtoto wake, likawa jina la askari. Dominic Ongwen alitekwa na kundi la Kony akiwa na umri wa miaka kama tisa, njiani kwenda shule. Alikua akawa kamanda, na mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miaka 25. Majaji walikubali kwamba aliteseka utotoni, na pia walikubali kwamba aliyatenda aliyotenda akiwa mtu mzima. Hiyo ni hukumu nzito, na inatuonyesha mwisho wa njia ambayo huanza na mtoto asiyerudishwa mapema kwa watu wake.

WALE AMBAO VITA HAVIKUWAWEZA

Tusiseme kwamba vita hushinda siku zote. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta kusini mwa Burundi, waasi waliingia bwenini wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa. Wakauawa pamoja, 40 kwa hesabu. Mwezi uliotangulia, tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi wa shule ya sekondari ya Nyange nchini Rwanda waliamriwa vivyo hivyo, nao wakakataa, na baadhi yao wakauawa. Ni Nyange hiyo hiyo ambako kanisa liliangushwa miaka mitatu kabla. Mahali pale ambapo mkubwa mwenye joho aliiuza imani, vijana wenye sare za shule waliinunua tena kwa damu yao.

Lakini tuwe waangalifu. Tusiwaambie watoto wetu kwamba mwenye imani ni yule tu aliyekufa kishujaa. Mtoto aliyenyamaza, aliyekimbia, aliyedanganya jina lake barazani ili apone, huyo naye ni mtoto wa Mungu, na amekuja kwetu akiwa hai. Tushukuru.

TUFANYE NINI SISI?

Sheria zipo upande wetu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema mtoto ana haki ya kulinda jina lake na utambulisho wake, na ana haki ya uhuru wa dini, wazazi wakimwongoza. Tena unasema kwamba mtoto aliyetengwa na jamaa yake atafutiwe malezi yanayozingatia dini, utamaduni na lugha alikotoka. Mwaka 1996 Mama Graça Machel aliwasilisha mbele ya Umoja wa Mataifa taarifa yake juu ya watoto na vita, akionyesha kwamba mtoto hapati kupona kwa dawa tu, bali kwa kurudishiwa maisha ya kawaida: familia, shule, na desturi za watu wake. Lakini karatasi haimlei mtoto. Kwa hiyo napendekeza mambo manne, ambayo Kamati imekubali yachapwe ili yajadiliwe katika kila kijiji cha kambi.

La kwanza, tusimpige wala kumfukuza mtoto anayeuliza Mungu alikuwa wapi. Swali hilo si kufuru. Mtu hagombani na asiyemjua. Mtoto anayeuliza bado anazungumza. Wa kumhofia zaidi ni yule aliyenyamaza kabisa.

La pili, kila mlezi wa yatima aandike katika daftari jina la mtoto alilopewa na wazazi, majina ya wazazi, kijiji, na dini ya ukoo wake, hata kama mlezi ni wa dini nyingine. Daftari hilo liwe mali ya mtoto. Wachungaji, mapadri na mashehe wasimwingize mtoto kama huyo katika dini mpya kabla jamaa zake hawajatafutwa.

La tatu, chakula, nguo na daftari visigawiwe kwa sharti la kusali. Anayetaka kutoa msaada, atoe. Anayetaka kuhubiri, ahubiri. Asichanganye siku moja katika foleni moja.

La nne, tulinde kalenda. Idi na Krismasi, maulidi na Pasaka, ngoma za mavuno na hadithi za jioni, tuvifanye hata kama tuna kikombe kimoja cha chai. Wapolandi wa Nyabyeya hawakuwa na zaidi ya hapo walipoanza.

MWISHO

Mtaniuliza, yule mvulana wa chini ya mwembe alifikia wapi? Nilikwenda kwao nikamwomba radhi mbele ya bibi yake. Alinisikiliza akitazama chini, kisha akasema, "Sawa, Mwalimu." Katekisimu hakurudi. Lakini mwaka uliofuata, mpiga ngoma wa kwaya alipohamishwa nchi ya mbali, kijana alikuja Jumamosi moja kwenye mazoezi, akauliza kama ngoma ina mtu. Tukamwambia haina. Tangu hapo anapiga. Wenzake wakisali, yeye hufumba macho au hafumbi, simchunguzi tena. Mwaka jana alinijia na kuniuliza kama najua tarehe aliyobatizwa mdogo wake, maana karatasi zote zilibaki kule. Tukaketi na bibi yake tukahesabu misimu ya mvua mpaka tukaipata karibu na kweli, akaiandika katika daftari lake.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Vita navyo vimewalea watoto wetu kwa muda, na malezi yake tumeyaona. Sasa zamu ni yetu. Nawatakia nyote Siku njema ya Mtoto wa Afrika, na Mungu awalinde watoto wetu popote walipo, wanaomwita na wasiomwita.



Mwalimu, kwa niaba ya Kamati ya Jamii